Antigone kwa vijana wa Kisumu: anzia matangani

Mwalimu mwenzangu wa Vihiga aliniita nimsaidie na chama chake cha drama. Alitaka kiigize Antigone, tamthilia ya Sophocles, Mgiriki wa kale, lakini wanafunzi wake, wa kidato cha pili na cha tatu, walishakata shauri kwamba mambo ya Wagiriki ni ya kukariri kwa ajili ya mtihani. Nilimwonyesha njia ninayotumia na vijana wa Kondele na Nyalenda: hadithi isimuliwe upya kwa mazingira yao kwanza, kisha turudi kwa Sophocles. Nimeiandika hapa kwa wengine wenye kazi kama hii.

Hatua ya 1: Chagua ugomvi ambao vijana wameshausikia nyumbani

Ugomvi wa Antigone ni wa maziko. Ndugu wawili, Eteocles na Polynices, wameuana wakigombea utawala wa mji wa Thebes. Mtawala mpya, Creon, anaamuru mmoja azikwe kwa heshima na mwingine aachwe nje, chakula cha ndege na mbwa. Dada yao Antigone anakataa.

Huku kwetu, nani hajasikia ukoo ukivutana kuhusu mwili uzikwe wapi? Wakili S.M. Otieno alifariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, na ukoo wa Umira Kager wakapelekana kortini, na hakuzikwa hadi Mei 1987, kule Nyalgunga, Siaya. Vijana hawakuwa wamezaliwa, lakini nyanya zao wanaikumbuka kesi hiyo. Watume wakaulize kabla hamjakutana.

Hatua ya 2: Simulia kwa mdomo, bila majina ya Kigiriki

Ishia pale dada mmoja anapomwomba mwenzake waende wakamzike kaka yao usiku. Waulize wangejibu nini. Usiwaambie mwisho.

Hatua ya 3: Hamishia hadithi kwenu

Hapa ndipo kazi ilipo. Tenga muda mrefu kuliko unavyodhani.

Kwanza, amri yenyewe lazima iwe na uzito. Vijana wengi hukimbilia bili ya mochari: mwili umezuiliwa, familia haina pesa. Kataa. Tatizo la pesa huisha kwa harambee, na tamthilia inaishia hapo hapo. Ukimfanya Creon kuwa chifu, watakuuliza kwa nini Antigone asiende kortini, na watakuwa na haki. Kilichotufaa ni mtaa uliotoka kwenye vurugu. Ndugu mmoja alikufa akilinda soko, mwingine akifa baada ya kulichoma. Wazee na wafanyabiashara wanaamua kwamba huyu wa pili hataletwa nyumbani, hataliliwa, na atakayemlilia atafukuzwa mtaani. Hakuna hakimu wa kuliamua hilo. Ni watu wote wa mtaa dhidi ya msichana mmoja.

Pili, Creon asiwe mwanasiasa mla rushwa mwenye kitambi. Mtazamaji akimchukia tangu anapoingia, hakuna cha kubishania tena. Katika tamthilia, Creon ana mji uliotoka vitani jana, na mwishoni tunasikia kwamba yeye naye alipoteza mwana, Megareus. Kwetu amepoteza kijana pale sokoni. Sehemu hii mpe mbishi wenu hodari kuliko wote. Kama hotuba yake ya kwanza haipati makofi ya dhati, iandikeni upya.

Tatu, suala lililotukwamisha alasiri nzima. Creon ni mjomba wa Antigone, ndugu wa mama yake Jocasta, na mwanawe Haemon ndiye mchumba wa Antigone. Vijana Waluo na Waluhya waliposikia hivyo walipiga kelele: mtoto wa mjomba haolewi! Wengine wakataka Haemon aondolewe kabisa. Usikubali. Mazungumzo yake na babake, yanayoanza kwa heshima ya mwana na kuishia kwa hasira, ndiyo kiini cha mchezo. Tulimfanya Creon kuwa rafiki wa marehemu baba, aliyewalea wasichana hao wakamwita mjomba kwa heshima tu. Deni la malezi likabaki, uchumba ukabaki. Ila waambie wazi kwamba mabadiliko haya ni yenu, si ya Sophocles.

Nne, vifo. Antigone, Haemon na Eurydice, mke wa Creon, wote wanajitoa uhai. Usionyeshe hata kimoja jukwaani, wala usiruhusu kamba iwe miongoni mwa vifaa. Kwa Sophocles pia habari ya Antigone na Haemon huletwa na mjumbe. Mkimaliza, ketini mzungumze, na kijana aliyenyamaza kuliko kawaida usimwache aende nyumbani peke yake.

Hatua ya 4: Andikeni majibizano

Kwa kalamu, daftarini. Simu zikae mfukoni, maana zikitoka tu wanaanza kunakili maneno ya watu wengine. Kila mhusika aseme kama mtu wa aina yake: Creon Kiswahili cha baraza, akina dada Sheng iliyochanganyika na Dholuo. Mlinzi anayeleta habari ya maziko kwa woga ndiye huwafungua midomo. Wetu alisema: "Mheshimiwa, si mimi niliyefanya, na aliyefanya sikumwona. Tulipiga kura, ikaniangukia." Yote hayo yamo kwa Sophocles.

Hatua ya 5: Rudini kwa Sophocles

Iwe siku hiyo hiyo, wakiwa bado na moto. Tafsiri ya Kiingereza ya F. Storr inapatikana bure kwenye Project Gutenberg. Kiingereza chake ni cha zamani, kwa hiyo chapisha tu onyesho la Creon na Haemon, na lisomwe kwa kusimama. Kisha someni mwisho. Creon anakubali kosa, lakini anamzika kwanza Polynices ndipo aende pangoni alikomfungia Antigone, na anachelewa. Vijana wetu walikuwa wameandika kwamba anakimbia moja kwa moja kumwokoa. Waliposoma, wakafuta yao.

Akitokea wa kuuliza kama inaruhusiwa kuchezea kazi ya mtu hivi, mwambie kuhusu The Island ya 1973, ya Athol Fugard, John Kani na Winston Ntshona, ambamo wafungwa wawili wa Afrika Kusini wanaigiza Antigone gerezani. Na wakitaka kujua baba yake Antigone alikuwa nani, watafutie Mfalme Edipode, tafsiri ya Samuel Mushi ya 1971 ya tamthilia nyingine ya Sophocles.