Jinsi ya Kutumia Ekinasia Mafua Yanapoanza

Ekinasia ni mmea wa maua wenye asili ya Amerika ya Kaskazini, wa ukoo mmoja na alizeti, ambao petali zake za zambarau huinama chini na kuacha kitovu cha ua kikiwa kimejaa miiba. Kitovu hicho ndicho kilichoupa jina, kwani kwa Kigiriki echinos ni kalunguyeye. Wenyeji wa nyanda za kati za Marekani, wakiwemo Walakota na Wacheyenne, walitafuna mzizi wake ili kutuliza maumivu ya jino na ya koo, na mwishoni mwa karne ya 19 wafanyabiashara wa dawa waliuuza kama tiba ya karibu kila kitu. Siku hizi hutumika zaidi kwa mafua, na ni matumizi hayo tu yanayoelezwa hapa.

Kabla hujabandika sufuria jikoni, hakikisha kwamba unachougua ni mafua kweli. Neno letu homa limebeba mambo mengi mno: anayesema ana homa huenda amebanwa na mafua tu, na huenda ana malaria. Joto la mwili likipanda, nawe unaishi au umetoka mahali penye malaria, nenda kapime damu kwanza. Ekinasia haitibu malaria, wala kichomi, wala kifua kikuu. Wakati wake ni ile siku ya kwanza, koo linapoanza kukereketa na chafya zinapofuatana.

Katika kununua, soma lebo mpaka ujue ni aina gani na ni sehemu gani ya mmea. Zinazotumika kama dawa ni tatu, Echinacea purpurea, Echinacea angustifolia na Echinacea pallida, na mzizi wa moja si sawa na majani ya nyingine. Chupa iliyoandikwa ekinasia tu, bila maelezo zaidi, mimi huirudisha rafuni. Tahadhari hiyo ina sababu, kwa kuwa mizizi ya ekinasia imewahi kuchanganywa sokoni na ya Parthenium integrifolium, ndugu wa gugu karoti linalowasumbua wakulima wa Afrika Mashariki.

Ukipata mzizi mkavu wa angustifolia au purpurea, uonje. Kata kipande kidogo kama punje ya mahindi, kitafune kwa meno ya mbele na ukiache juu ya ulimi. Mwanzoni utasikia ladha ya udongo na utamu wa mbali, kisha ulimi utaanza kuchonyota, mate yatajaa mdomoni, na ganzi itafuata, kama ile anayoipata mtu aliyebana karafuu kwenye jino bovu. Mchonyoto huo huletwa na kemikali ziitwazo alkamaidi, na mzizi usiochonyota kabisa ama umechakaa ama si wenyewe.

Kwa chai, pima kijiko kimoja cha chai cha mzizi uliokatwakatwa kwa kila kikombe cha maji, uchemshe kwa moto mdogo dakika 10 hadi 15 huku umefunika, kisha uchuje. Majani na maua hayachemshwi; humwagiwa maji ya moto na kufunikwa kwa muda huohuo. Kunywa vikombe viwili au vitatu kwa siku, ukipenda kwa asali na tangawizi, ambazo kwa kweli husaidia zaidi kuficha ladha ya udongo. Alkamaidi haziyeyuki vizuri katika maji, ndiyo maana waganga wa mitishamba wengi hupendelea mzizi ulioloweshwa katika pombe kali kwa wiki kadhaa. Asiyetumia pombe anaweza kuchukua vidonge, akifuata kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Vyovyote utakavyotumia, usipitishe siku 10.

Usitarajie makubwa. Mapitio ya mwaka 2014 ya Cochrane, mtandao wa watafiti unaopima ushahidi wa tiba mbalimbali, yaliyokusanya majaribio 24 yenye washiriki zaidi ya 4,000, hayakuona ushahidi wa wazi kwamba ekinasia huponya mafua, ingawa yaliona uwezekano wa nafuu ndogo katika kuyazuia. Kwa maoni yangu hilo linatosha kuhalalisha kikombe cha chai, lakini halitoshi kumfanya mtu atumie fedha za chakula kununua vidonge vya bei ghali.

Wapo wasiopaswa kuigusa kabla ya kuzungumza na daktari: wanaoishi na VVU, wenye kifua kikuu, waliopandikizwa kiungo, wanaotumia dawa za kupunguza kinga, na wenye maradhi ambayo kinga hushambulia mwili wenyewe. Mjamzito na anayenyonyesha waiache, na watoto wa chini ya miaka 12 wasipewe. Katika jaribio moja lililofanyika Marekani, watoto waliopewa ekinasia walipata vipele zaidi kuliko wenzao. Mwenye mzio wa maua ya jamii ya alizeti naye ajihadhari. Ukiona vipele, uso ukivimba au pumzi ikibana, acha mara moja na uwahi hospitalini.

Mzizi uliobaki uhifadhi katika chupa yenye mfuniko, mahali pakavu pasipofikiwa na jua. Baada ya mwaka mmoja hivi uonje tena, na ulimi usipochonyota, utupe.