Nyumba Ikipata Mwenye Mpya: Mambo ya Kuzingatia Kabla Amana Yako Haijapotea

Nyumba uliyopanga Kirumba au Buhongwa, hapa Mwanza, inaweza kuuzwa bila wewe kuambiwa. Unasikia kwa mpangaji mwenzako, au mtu mgeni anapiga hodi asubuhi akiuliza kodi yako inaisha lini. Chumba ni kilekile na mlango ni uleule, lakini amana uliyotoa siku ya kuingia ilibaki mfukoni mwa mtu, na mtu huyo ndiye anayeondoka. Kwa hiyo shika lengo moja tangu siku hiyo: upate karatasi inayosema ni nani anaishika amana yako kuanzia sasa.

Kwanza jua unadai nini. Hela ya dalali hairudi, usiihesabu. Kodi uliyolipa mbele si amana. Ukitolewa kabla miezi yako haijaisha, miezi iliyobaki ni dai la peke yake. Kilemba cha fremu, yaani hela ya kuachiwa chumba cha biashara, nacho usikichanganye humu, maana mara nyingi kilikwenda kwa mpangaji aliyekuachia fremu.

Soma risiti yako upya. Wenye nyumba wengi hupokea kodi ya miezi sita na amana ya mwezi mmoja, kisha wanaandika "nimepokea kodi ya miezi saba". Kwa mkono huo amana imeshageuka kodi, na mwenye nyumba mpya atakuambia mwezi wa saba ulishaukaa. Karatasi ya namna hiyo irekebishwe wakati mwenye nyumba wa zamani bado anapokea simu zako. Mwambie aandike upya, atenganishe kodi na amana, aweke tarehe na sahihi.

Kama ulilipa kwa simu, usitegemee ujumbe uliobaki kwenye simu yako. Nenda kwa mtandao wako uombe taarifa ya miamala ya mwezi ule, uichapishe. Angalia jina lililosajiliwa kwenye namba uliyoitumia hela. Likiwa la mke wa mwenye nyumba, mtoto wake au msimamizi wa nyumba, pata maandishi kwamba hela ile ilipokelewa kwa niaba yake.

Mkataba wenyewe uwe na mashahidi, na mwenyekiti wa mtaa akiwemo ni vizuri zaidi. Mkataba wa pango hutozwa ushuru wa stempu, asilimia 1 ya kodi ya mwaka, na usiolipiwa unaweza kukataliwa kama ushahidi hadi ulipiwe. Maliza hilo TRA, mamlaka ya mapato, mapema.

Sasa mjue mwenye mpya. Usimlipe mtu kwa sababu amekuja na gari na funguo. Aliyenunua akuonyeshe mkataba wa mauziano, ukurasa wenye majina, tarehe na maelezo ya nyumba. Nyumba nyingi za milimani hazina hati, kwa hiyo mauziano hayo mara nyingi yanajulikana serikali ya mtaa. Pita ofisini uulize. Yenye hati unaweza kuifanyia upekuzi ofisi ya ardhi, yaani kuangalia kwenye kumbukumbu imeandikwa kwa jina la nani. Kisha mpigie mwenye nyumba wa zamani akuthibitishie kwa ujumbe wa maandishi. Ukilipa mtu asiyehusika, utalipa mara mbili.

Nyumba ikipigwa mnada kwa deni la benki, hali ni ngumu zaidi. Mnada hutangazwa angalau siku 14 kabla, na huo ndio muda wako wa kukimbizana na dai lako. Mshindi wa mnada atasema hana habari na amana yako, kwa hiyo mkabe aliyeipokea. Kumbuka kwamba nyumba ikiuzwa zaidi ya deni, kinachobaki baada ya benki kujilipa hurudi kwa mkopaji. Barua yako imfikie kabla hela hiyo haijamfikia.

Mwenye nyumba akifariki ndipo wapangaji wanapochanganyikiwa, kwa sababu kila mtoto wa marehemu anakuja kudai kodi. Mwenye haki ya kupokea na kusaini ni msimamizi wa mirathi, na mirathi ikiwa imefunguliwa Mahakama ya Mwanzo, uthibitisho wake ni Fomu Namba 4. Omba nakala, usione aibu kwa kuwa kuna msiba. Fomu hiyo ina namba ya shauri, na namba hiyo unaihitaji. Msimamizi anatakiwa ndani ya miezi minne apeleke mahakamani Fomu Namba 5 yenye orodha ya mali za marehemu na madeni yake. Amana yako ni mojawapo ya madeni hayo. Mwandikie barua, utaje kiasi, tarehe uliyolipa na namba ya shauri, uambatanishe risiti, na nakala umpelekee karani wa mahakama. Fanya hivyo kabla ya Fomu Namba 6, ambayo ndiyo hesabu ya mgawanyo. Warithi wakishagawana na shauri likafungwa, utakuwa unawafuata watu watano, kila mmoja akikuelekeza kwa mwenzake.

Sasa lile linaloumiza wengi: mkataba mpya. Chukua mpangaji wa vyumba viwili na sebule pale Buzuruga, kodi Sh 150,000 kwa mwezi, amana Sh 150,000. Nyumba inauzwa. Mwenye mpya anakuja kwa heshima, anaongea vizuri, anasema hana mpango wa kumtoa mtu wala kupandisha kodi, anataka tu "tuweke makaratasi sawa". Anatoa mkataba uliochapwa safi kuliko ule wa zamani wa kuandikwa kwa mkono. Mpangaji anafurahi kwamba habughudhiwi, anasaini. Sehemu ya amana kumepigwa kistari. Chini kabisa kuna mstari unaosema mkataba huu unafuta makubaliano yote ya awali kuhusu nyumba hii. Mwaka unapita, anataka kuhamia Nyegezi, anadai amana. Mwenye nyumba anamwonyesha kile kistari: "Kaka, hela yako aliichukua mzee, mimi nilinunua nyumba tu." Anampigia mzee. Mzee anajibu kwamba aliuza nyumba na mambo yake yote, na kwamba mkataba wao ulikwisha siku mpangaji aliposaini na mwenzake. Hakuna aliyemtukana, na hana pa kushika, kwa sababu karatasi pekee iliyotaja amana yake aliifuta kwa sahihi yake mwenyewe.

Kwa hiyo usisaini chochote kabla ya karatasi ya makabidhiano ya amana yenye sahihi tatu: ya aliyeuza, ya aliyenunua na yako. Haihitaji maneno makubwa. Iandikwe: "Mimi fulani, niliyekuwa mwenye nyumba, nathibitisha kwamba nilipokea Sh 150,000 kama amana kutoka kwa mpangaji fulani tarehe fulani, na leo nimeikabidhi kwa fulani, mwenye nyumba mpya, ambaye atairejesha mpangaji atakapohama." Mkataba mpya nao utaje kiasi hichohicho na useme kilitokana na mkataba wa zamani. Nakala tatu, muhuri wa mtaa, kila mtu aondoke na yake. Wakati mzuri wa kuipata ni kabla mnunuzi hajamaliza kulipa, maana bado anaweza kukata amana za wapangaji kwenye bei. Akishamaliza, hana haraka tena ya kukusikiliza. Muuzaji akikataa kuikabidhi, basi akurejeshee palepale, nawe umpe mwenye mpya amana mpya kwa risiti yake.

Wengi wanaona njia rahisi ni kula amana, yaani kukaa mwezi wa mwisho bila kulipa. Kwa mwenye nyumba mliyeelewana inawezekana. Kwa mwenye mpya asiyeishika hela hiyo, wewe unakuwa mdaiwa wa kodi, na dai lako zuri linachafuka. Pata kibali cha maandishi kwanza.

Piga picha za nyumba siku umiliki unapobadilika, si siku ya kuhama tu. Mwenye mpya atalinganisha na nyumba aliyoikagua akinunua, na uharibifu wa miaka ya nyuma atakukata wewe. Huku kwetu nyumba zilizochongewa ubavuni mwa mlima, kama za Igogo au Mabatini, ukuta wa nyuma hunyonya maji masika na rangi inabanduka kuanzia chini. Karibu na ziwa nyavu za madirisha hupata kutu, na wadudu wa ziwani huacha madoa meusi kuzunguka taa. Hayo si makosa ya mpangaji. Piga pia picha ya mita ya maji ya MWAUWASA, namba zisomeke, ili bili ya zamani isikatwe kwenye amana yako. Kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, tunza ujumbe wa kila ununuzi: kodi ya jengo inayokatwa humo, Sh 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida tangu 2023, ni mzigo wa mwenye nyumba.

Muda ukifika na hela haitoki, andika barua ya madai. Taja kiasi, ambatanisha nakala, toa siku 14, na apokee kwa kusaini nakala yako. Akikataa kusaini, iache mbele ya shahidi na umtumie picha yake kwa simu. Kama hakuna karatasi ya sahihi tatu, waandikie wote wawili, wa zamani na wa sasa, kila mmoja ajue mwenzake ameandikiwa.

Baada ya hapo nenda serikali ya mtaa, kisha Baraza la Kata. Tangu 2021 baraza hilo linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Usuluhishi ukishindikana ndani ya siku 30 unaweza kuendelea mbele. Mgogoro wa kukaa au kutolewa ndani ya nyumba unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Dai la pesa tupu linalotokana na mkataba lina njia ya Mahakama ya Mwanzo. Muulize karani kabla hujalipa ada, maana kufungua pasipohusika kunakula muda na nauli.

Ukifungiwa kufuli au kung'olewa bati ili uondoke haraka, hiyo si haki ya mwenye nyumba awe wa zamani au mpya. Ripoti mtaani na polisi siku hiyohiyo. Usikabidhi funguo bila maandishi. Usimwachie dalali akusemee. Usipokee nusu ya amana na kusaini kwamba umelipwa yote. Andika "nimepokea sehemu" na utaje kilichobaki. Nakala halisi zisitoke mkononi mwako hata mtu akuombe kwa dakika tano akatoe kopi; nenda naye mpaka stationari.