Nusu marathoni na mwenzako, mazoezi yakiwa machache

Nusu marathoni ni kilomita 21 na mita 97 na nusu. Kama hamjafanya mazoezi ya kutosha, kubalianeni jambo moja mapema: mnakwenda kwa mwendo wa anayekimbia polepole zaidi, na saa isahaulike.

Mimi na yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, tunakimbia Bukavu, mji ulio mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na milima yake ndiyo inayomaliza watu. Basi pandeni kwa kutembea tangu mlima wa kwanza, hata kama nguvu bado zipo. Kuteremka ndiko kunakoumiza zaidi: ukijiachia kutoka mtaa wa Kadutu, mapaja yanakaza kabla hujafika nusu ya safari. Pigeni hatua fupi, magoti yakiwa yamelegea kidogo.

Kipimo chetu ni mazungumzo. Yaya akianza kunijibu "ee" na "hapana" tu, tunapunguza mwendo mpaka aweze kumaliza sentensi nzima.

Msivae viatu vipya. Pakeni mafuta mazito mapajani na kwapani. Kunyweni maji kidogo kidogo, kabla kiu haijawabana. Atakayehisi kizunguzungu au maumivu ya kifua asimame papo hapo, na mwenzake abaki naye.