Kitabu kimoja, filamu moja: Entre les murs

Ukitaka kuijua jamii ya Ufaransa ya leo, usijirundikie filamu kumi. Chukua Entre les murs, kisa cha mwalimu na darasa lake: riwaya ya François Bégaudeau (2006) na filamu ya Laurent Cantet iliyotwaa Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes, mwaka 2008. Mwandishi, aliyewahi kufundisha, ndiye anayeigiza mwalimu.

Kabla ya kutazama, jua conseil de classe ni nini: kikao cha walimu cha kila muhula cha kujadili maendeleo ya kila mwanafunzi, na wawakilishi wawili wa wanafunzi huketi humo humo. Asiyejua hili hushangaa wale wasichana wawili wanachekelea nini mle ndani, na hashiki jinsi maneno ya mwalimu kuhusu mwanafunzi wake Souleymane yanavyomfikia mwenyewe. Balaa lote linaanzia hapo.

Rudia sehemu hiyo mara tatu: kwanza bila maandishi ya chini, kisha na ya Kifaransa (ya Kiingereza hufuta tofauti ya tu na vous, yaani "wewe" ya mazoea na "wewe" ya heshima, ambayo darasani humo ni kesi kamili), mwisho ukiandika nani anamkatiza nani. Halafu nenda kwenye kikao cha nidhamu cha Souleymane. Mama yake hajui Kifaransa. Mkalimani wake ni mtoto yule yule anayehukumiwa. Andika aya moja: shule imemwandalia nini mzazi huyu?

Riwaya isome baadaye. Ni vipandevipande vya mwaka wa shule, kwa hiyo anayetafuta humo mtiririko wa filamu huitupa akiwa kwenye kurasa za mwanzo tu.