Kuzuia Kuanguka na Kuungua Nyumbani
Kuanguka na kuungua ni miongoni mwa visababishi vikuu vya majeraha ya nyumbani. Futa maji sakafuni mara yanapomwagika, na unapoegemeza ngazi ukutani, weka kitako chake mita 1 kutoka ukutani kwa kila mita 4 za kimo. Jikoni ndiko kwenye hatari zaidi, hasa kwa watoto: elekeza mipini ya vikaango mbali na ukingo wa jiko, na ukumbuke kwamba hata maji yasiyochemka, yenye nyuzi 60 za Selsiasi, huweza kumbabua mtoto vibaya kwa sekunde chache tu. Akiungua, mwagia jeraha maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, wala usitumie barafu; dawa ya meno, ambayo wengi huikimbilia, haifai kabisa.