Kabla ya Kupima Kama Saratani ya Titi Imefika Kwenye Tezi za Kwapa

Kwanza yale yasiyohitaji maelezo marefu. Beba picha zote za zamani, si ripoti tu. Siku ya mamogramu (eksirei ya titi) usipake poda wala marashi kwapani, maana huweza kutokea kwenye picha kama chembe za chokaa. Ukiwa na kisukari, mimba, figo mbovu au chuma mwilini, sema kabla hujalipa.

Kwapa huanza kupimwa kwa ultrasaundi. Hakikisha fomu imeandikwa "titi na kwapa". Ikiandikwa titi tu, kwapa litarukwa. Mpimaji huangalia umbo la tezi. Ganda lake likizidi unene wa milimita 3, au mafuta ya katikati yakitoweka, anaitilia shaka, na sindano inaweza kuongozwa hapo hapo ichukue kinyama cha maabara. Mamogramu huona tezi za chini tu. Sitiskani (eksirei ya vipande vipande) hutegemea sana ukubwa wa tezi, na tezi ndogo inaweza kubeba saratani huku iliyovimba ikiwa salama. MRI (picha za sumaku) hulichambua titi vizuri mno, lakini tezi ikitiliwa shaka, bado utarudi kwenye sindano.

PET-CT, kipimo cha picha kwa sukari yenye mionzi, ndiyo iliyotutesa. Mwaka 2021 dada yangu alikutwa na saratani titi la kushoto, nasi tukaamini kipimo ghali ndicho chenye jibu la uhakika. Tukauza ng'ombe wawili Arusha, tukavuka Namanga hadi Nairobi. Majibu: tezi za kwapa la kushoto zinawaka. Mama akaacha kula. Dada akaanza kuniusia nani atakaa na wanawe. Wiki mbili tuliishi hivyo, mpaka daktari wa upasuaji alipomuuliza dada, "Mama, chanjo ya UVIKO ulichomwa mkono gani, na lini?" Wa kushoto, siku kumi kabla ya kipimo. Hakuna aliyekuwa ametuuliza.

PET huonyesha mahali sukari yenye mionzi inapoliwa kwa wingi, na tezi inayoshughulika na chanjo huila kama saratani inavyoila. Dada akarudishwa kwenye ultrasaundi, akachomwa sindano: safi. Siku ya upasuaji wakazitafuta kwa rangi ya buluu tezi za kwanza zinazopokea majimaji (si maziwa) yanayotoka kwenye titi, wakazitoa, nazo zikakutwa safi.

Kwa hiyo chanjo usiikimbie, ila taja kila uliyochomwa miezi miwili iliyopita, tarehe na mkono. Uchomwe mkono wa upande mzima, yaani usio na saratani. Dawa ya PET, ile sukari yenye mionzi, nayo iingie upande huo huo mzima, kwa kuwa ikivuja inaweza kuziwasha tezi za karibu. Kabla ya PET usile kwa saa 6; maji matupu ruksa. Jana yake usilime wala usibebe mizigo. PET ina kazi yake, hasa pale daktari anapohofia saratani imefika mbali, kwenye mifupa au ini. Lakini ikisema kwapa ni safi, usikatae tezi zile za kwanza zitolewe zikapimwe, kwa sababu chembe za saratani za milimita chache huiponyoka PET.

Omba nakala ya kila kitu. Andika maswali nyumbani, ukifika utayasahau. Usikubali kusomewa majibu kwa simu ukiwa barabarani, na siku hiyo usiende peke yako.