Pima maji yako kwanza, samaki wa mapambo baadaye

Mwezi wa saba mama mmoja wa Sakina, hapa Arusha, aliniletea bakuli la kioo lenye goldifishi wawili. Mmoja alikuwa amekwisha kufa, mwingine anahema juu juu. "Mwanangu, nimefanya kila nilichoambiwa dukani," alisema, nami nilimwamini. Alichoambiwa ni hiki: kila Jumapili mwaga maji yote, sugua bakuli na kokoto kwa maji ya bomba, jaza mapya, lisha asubuhi na jioni. Alifuata wiki tatu bila kuruka hata siku moja. Ushauri wenyewe ndio uliowaponza samaki wake.

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua saa zote, na chakula kinachooza chini huongeza nyingine. Amonia ni sumu. Ziwani inapotelea kwenye maji mengi, lakini kwenye bakuli la lita tano haina pa kwenda. Kinachookoa tangi ni bakteria wanaojishika kwenye sponji ya filta (chujio la maji), kwenye kokoto na kwenye vioo. Kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi jingine hugeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo samaki huvumilia mpaka ubadilishe sehemu ya maji. Katika tangi jipya kazi hiyo huchukua wiki nne hadi sita kukamilika. Yule mama alikuwa akiwasugua bakteria na kuwaua kwa klorini, dawa iliyomo kwenye maji ya bomba, kila Jumapili, kisha anaanza upya.

Jambo la pili linahusu maji yetu, na hapa ushauri wa dukani, hata ule ulioandikwa Ulaya, hautufikishi mbali. Maji mengi ya miteremko ya Mlima Meru hupita kwenye miamba ya volkano na kubeba magadi na floridi, madini yanayotia meno rangi. Meno ya kahawia ya watu waliokulia Ngarenanyuki na Oldonyo Sambu tunayaona kila siku. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha floridi kwenye maji ya kunywa kuwa miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingi vya huku hukivuka. Lakini mfuga samaki aangalie kwanza magadi, kwa sababu hupandisha pH, yaani kipimo cha asidi na magadi ya maji (7 ni katikati), na pH ndiyo inayoamua ukali wa amonia. Katika maji ya nyuzi 25 yenye pH 7, sehemu ya amonia iliyo katika hali ya sumu kali haifiki asilimia 1 ya amonia yote. Kwenye pH 8 ni kama asilimia 5. Kwenye pH 8.5 inakaribia asilimia 15. Kulisha kupita kiasi siku mbili ni kosa ambalo mwenye maji ya pH 7 anaweza kulifanya asione kitu. Wewe unayechota kisima chenye magadi linaweza kukumalizia tangi zima.

Muuzaji hajui pH ya bomba lako, wala simlaumu. Samaki hukaa kwake siku chache, na anachokijua vizuri ni namna ya kuwafikisha wazima hadi wapate mnunuzi. Wewe unataka wakae miaka. Maji ya Moshi, ambayo kwa sehemu kubwa hutoka chemchemi za Kilimanjaro, si ya Arusha, na ndani ya Arusha kwenyewe kisima cha mtaa huu si cha mtaa ule. Karatasi za kupimia pH za mabwawa ya kuogelea zinatosha kwa kuanzia. Anayetaka kuzalisha na kuuza apeleke chupa ya maji yake maabara ya maji ya serikali. Namba utakayopata iandike kwenye simu, uende nayo dukani.

Ukiwa na namba hiyo, uchaguzi unakuwa mwepesi. Neon tetra, yule mdogo mwenye mstari wa buluu unaong'aa, asili yake ni vijito vya Amazon vyenye maji laini yenye asidi. Kwenye maji ya pH 8.5 utakuwa unamtesa kila siku ya maisha yake. Wakati huohuo Ziwa Tanganyika lina pH ya karibu 9, na samaki wake wazuri wanatoka Kigoma, nchini mwetu. Inaniuma kuona mtu wa Njiro akihangaika kuteremsha pH kwa dawa za bei ghali ili afuge samaki wa Brazil, ilhali Neolamprologus multifasciatus, samaki wa Tanganyika asiyezidi sentimita tano, angekaa vizuri kwenye tangi la lita 60. Huyu huishi kwenye makombe ya konokono, huzaa humo humo, na ukoo mzima hulinda mtaa wake. Mimi naweza kukaa mbele ya tangi lao saa nzima. Wawekee makombe ya kutosha.

Hata hao wa kwetu wana masharti. Tropheus wa Tanganyika ni mla mwani. Ukimlisha vyakula vya nyama, tumbo litavimba afe. Frontosa, naye wa Tanganyika, huvuka sentimita 30. Kwa hiyo kabla ya kulipa, muulize muuzaji jina la kisayansi la samaki, siyo la biashara. Jina la biashara hubadilika duka kwa duka, la kisayansi ni moja dunia nzima, na ndilo litakalokuonyesha ukubwa wake akikomaa, anakotoka, joto analotaka na anachokula. Asipolijua, piga picha, nenda nyumbani ukatafute. Soma maandishi ya watu wawili au watatu wasiokuuzia kitu. Halafu tafuta mtu aliyemfuga samaki huyo zaidi ya mwaka, siyo aliyemnunua mwezi uliopita. Afisa uvuvi wa halmashauri yako naye ni wa kumwendea. Kuuliza si ujinga.

Ushauri wa dukani mara nyingi ni ukweli nusu, na nusu hiyo ndiyo inayotuponza. Utaambiwa beta, yule samaki wa mapezi marefu, hahitaji pampu, anatosha kwenye glasi. Ni kweli kwamba beta huvuta hewa juu ya maji, kwa hiyo oksijeni si shida yake kubwa. Ila anataka maji ya nyuzi 24 hadi 28, na amonia humuunguza kama inavyomuunguza mwingine yeyote. Arusha iko kwenye mwinuko wa kama mita 1,400. Juni na Julai glasi iliyoachwa mezani usiku hupoa vibaya sana. Hita ya kama wati moja kwa kila lita ni makadirio mazuri. Moshi iko chini zaidi na kuna joto, lakini hata huko nunua kipimajoto.

Pleko, samaki anayekula mwani wa vioo, nilimnunua mwenyewe, zamani, akiwa na urefu wa kidole. "Chukua na huyu, atakusafishia kioo." Alisafisha, kweli. Baada ya miaka mitatu alikuwa amevuka sentimita 30 ndani ya tangi la lita 80, na kinyesi chake kilichafua maji kuliko mwani wote aliowahi kuula. Mpaka leo najuta, kwa sababu dakika kumi za kusoma zingetosha. Goldifishi wa yule mama nao ni hivyohivyo: huishi zaidi ya miaka kumi wakitunzwa, na wa kawaida huvuka sentimita 20. Bakuli si nyumba yao kabisa.

Ukiwa dukani, mtazame samaki kabla ya kumsikiliza muuzaji. Mapezi yaliyobanwa mwilini, vidoti vyeupe kama chembe za chumvi, kuhema haraka, au maiti hata mmoja kwenye tangi hilo: ondoka. Utakayemnunua mtenge kwenye chombo chenye filta yake kwa wiki mbili hadi nne kabla ya kumchanganya na wengine.

Na tangi liwe tayari kabla yake. Acha maji ya bomba kwenye ndoo wazi kwa saa 24 klorini itoke, washa filta, kisha tia punje chache za chakula kila siku kama vile kuna samaki, ili bakteria wapate amonia ya kula. Mwenye rafiki mfugaji ana bahati: kipande cha sponji iliyotumika kutoka tangi lisilo na ugonjwa hupunguza sana muda wa kusubiri. Baadaye badilisha robo ya maji kila wiki, na sponji uisuuze kwenye maji uliyotoa tangini, kamwe si bombani. Umeme ukikatika, chota maji kwa kikombe uyamimine tena kutoka juu mara kwa mara, au uwe na pampu ya hewa ya betri, maana bakteria nao hukosa hewa.

Samaki akikuzidi ukubwa, mrudishe dukani au mpe mwenye tangi kubwa. Usimpeleke Mto Themi wala Ziwa Duluti, hata kwa huruma. Sangara alipandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na aina nyingi za furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo, zikatoweka. Ziwa Chala, kule Rombo, lina perege wake, Oreochromis hunteri, ambaye kwa asili hapatikani mahali pengine popote duniani. Samaki mgeni mmoja mwenye ugonjwa, au wawili wanaozaana, wanatosha kumhatarisha.